Baiskeli Isiyo na Keria

Juzi kazini, hapo Parramatta, Sydney, mlango wa lifti ulifunguka akaingia bwana mmoja amebeba baiskeli begani, kavaa zile nguo za kubana za rangi ya limau, jasho linamchuruzika. Alinuka dawa ya kuchua misuli na ndizi iliyoiva kupita kiasi. Watu wengine lifti nzima walitazama simu zao. Mimi nilivuta pumzi mpaka mwisho, na papo hapo nikawa nimerudi kwenye fleti yetu ya Ingleburn, mtoto wa darasa la nne, nimeshika kaptula ya baba yangu kwa ncha za vidole, nina hakika kabisa kwamba baba yangu anatuacha. Ofisi yangu iko ghorofa za chini, lakini nilipanda na yule bwana mpaka aliposhuka. Sijui alinifikiriaje.

Mambo yalianza hivi. Baba alifanya kazi kwenye ghala moja kule kwenye viwanda vya Ingleburn, na huko alikuwa na rafiki Mwaustralia jina lake Greg, mtu mpole mwenye masharubu mekundu na magoti mabovu. Greg alinunua baiskeli mpya, ile ya zamani akampa Baba pamoja na kofia, viatu na nguo zake. Baba aliipandisha ngazi mpaka kwetu, akaiegemeza ukutani sebuleni, maana haikuweza kusimama yenyewe.

Koko, yaani bibi yangu mzaa baba, aliinuka kwenye kochi akaizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Stendi iko wapi?"

"Haina, Mama."

"Na kengele?"

"Haina."

"Na portibagaji?" Ndivyo wazee wa kwetu Kongo wanavyoiita keria, kile kiti cha vyuma cha nyuma.

"Haina, Mama. Hii ni ya mbio tu. Tazama." Baba akainyanyua kwa vidole viwili kutuonyesha ilivyo nyepesi, amejaa fahari. Koko hakuvutiwa. Kwake kitu chepesi kilikuwa kitu kisichofanya kazi.

"Wewe utakaa hapa," alisema akigusa kile kiti chembamba kwa kidole kimoja. "Na sisi tutakaa wapi?"

Baba alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa lilikuwa swali zuri na halikujibiwa.

Kuanzia hapo Baba akawa anatoka kila Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha mpaka mchana, kwa hiyo mashahidi wa kutoka kwake tulikuwa mimi na Koko. Na kulikuwa na mengi ya kushuhudia. Kwanza alivaa zile nguo, Koko akageukia ukuta akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Kisha alijipaka dawa ya kuchua miguuni mpaka nyumba nzima ikanuka hospitali. Kisha akaficha ndizi mgongoni, maana fulana ile ilikuwa na mifuko nyuma, mahali ambapo mtu mwenye nia njema hawezi kuweka mfuko. Mwisho alivaa viatu vilivyojifunga vyenyewe kwenye pedali, kacha! Nikajiambia, huyu anajifunga ili tusiweze kumvuta.

Mama hakushtuka hata kidogo. "Muache apunguze tumbo," alisema, "daktari alimwambia presha." Hata pale Koko alipoiona kaptula kwenye kamba, na kile kigodoro kilichoshonwa mahali pa kukalia, akadhani mwanawe ameanza kujikojolea, Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mimi ninavalisha wazee nepi kila siku, Mama. Hii si nepi. Hii ni sponji." Utulivu wake ndio ulionivunja moyo. Nilimwonea huruma sana mama yangu, mwanamke mwenye akili zake timamu asiyeona kinachotendeka mbele ya macho yake.

Aliyenifungua macho mimi ni Tayla. Tulikaa pamoja darasani, msichana wa Kizungu mwenye madoadoa usoni, bingwa wa mambo ya watu wazima. Nilimsimulia habari za baiskeli nikijivuna, na yeye akaacha kutafuna mkate wake.

"Nguo za kubana?"

"Za kubana."

"Anarudi akiwa na furaha?"

Nilifikiri. Kusema kweli Baba alirudi kimya, macho mekundu, akaenda moja kwa moja kuoga, na mara nyingine akakaa bafuni mpaka maji yakapoa. Nikamwambia hivyo.

"Hiyo ni mbaya zaidi," Tayla alisema kwa Kiingereza chake cha puani. "Baba yangu naye alinunua baiskeli. Halafu akaacha kula mkate. Halafu akahamia kwa Michelle."

Sikumjua Michelle, lakini tangu siku ile nilikuwa nikimwona kila nikifumba macho. Alikuwa na nyumba kubwa huko milimani Baba alikokwenda, na bustani, na kochi jipya ambalo hakuna aliyewahi kulikojolea. Nilimtega Baba kwa ustadi wote wa umri wangu. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Huko juu tu, Cobbitty, milima-milima," akajibu. Nikamuuliza kuna nini huko. "Hakuna kitu," akasema, akaangalia pembeni. Nani anasafiri kila Jumamosi kwenda mahali pasipo na kitu? Nikaacha kula vizuri. Wali niliukoroga tu, na usingizini nilisaga meno, Mama akasema nina minyoo.

Ningekuwa Tayla, pengine ningemuuliza Baba waziwazi kama anatuacha. Kwetu haiwezekani. Mtoto hamuulizi baba yake neno la namna hiyo. Analipeleka kwa bibi, na bibi ndiye anayejua pa kulifikisha. Basi nikampelekea Koko yote, Michelle na mkate na macho mekundu, wakati tukichambua maharage mezani.

Koko hakunicheka. Aliendelea kuchambua.

"Mimi niliona siku ya kwanza," alisema. "Mwanaume mwenye watu ananunua kinga yenye portibagaji." Kinga ni baiskeli hiyohiyo, kwa lugha ya kwetu.

Akanisimulia tena safari ya kutoka Masisi, kwetu kwenye milima ya Kongo, mpaka Uganda, vita ilipoingia kijijini. Mama alikaa mbele kwenye chuma, mimi mchanga nimefungwa kifuani mwake. Koko alikaa nyuma kwenye keria amekumbatia sufuria. Baba alisukuma, maana ile milima hakuna binadamu anayeipanda kwa kukanyaga pedali akiwa na wanawake wawili, mtoto na sufuria. Siku zote Koko aliisimulia safari ile kama malalamiko juu ya keria: vyuma vilimchoma, hakuweza kukaa sawasawa mpaka mvua zikaisha. Siku hiyo aliisimulia kama ushahidi.

"Ile kinga ilikuwa na nafasi ya kila mutu," alisema. "Hii, yeye mwenyewe anakaa juu ya kisu."

Akapangusa mikono, akaniambia nimtafutie namba ya Papa Byamungu kwenye simu.

Papa Byamungu alikuwa mzee wa kanisa letu na mwenye gari la watu wanane. Alikuwa amekaa miaka mingi kambini Tanzania, akatoka huko na methali nyingi kuliko vyombo. Ndoa ikitetereka Ingleburn au Campbelltown, aliitwa yeye na mke wake, Mama Furaha: yeye kwa ajili ya methali, na mke kwa ajili ya kusema jambo lenyewe. Jumamosi iliyofuata, Mama akiwa ameshaondoka kwenda zamu, waligonga mlango wakati uleule Baba anajipaka dawa miguuni. Mama Furaha alibeba chupa ya chai na beseni la mandazi limefunikwa kitenge.

Nyinyi mliokulia kwenye nyumba kama yetu mnajua kwamba wazee wakikujia huwezi kuwaambia uko mbioni. Baba aliwakaribisha. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, kavaa vile alivyokuwa kavaa, akachukua mto wa kochi akauweka mapajani kwa haya. Kofia ya baiskeli hakuivua. Nadhani kuivua kungekuwa kukubali kwamba leo haendi popote. Greg na wenzake, aliokuwa akiendesha nao kila Jumamosi, walikuwa wanamngoja pale stesheni.

Papa Byamungu alianza mbali, kama inavyopasa.

"Papa Neema, habari ya mwili?" Neema ni mimi.

"Nzuri, Papa. Ila leo niko na..."

"Na kazi?"

"Kazi nzuri."

"Na wakubwa wa kazi?"

"Wako sawa, Papa."

"Mungu asifiwe." Alikunywa chai polepole. Baba alitazama saa ya ukutani kwa jicho moja. Mzee akaweka kikombe chini. "Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao."

Baba alifikiri kwa heshima. "Hii si mpya, Papa. Greg alikuwa amekwisha kuitumia."

Papa Byamungu alimtazama mke wake, akajaribu tena. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Hatukimbii sana," Baba alimtuliza. "Greg iko na shida ya magoti."

Mama Furaha alishindwa kuvumilia. "Papa Neema, tunajua kuko mahali unaenda!"

Nilitegemea acheke. Niliomba acheke. Badala yake uso wake ulibadilika, akaukumbatia ule mto wa kochi, akauliza lile swali ambalo mtu asiye na siri hawezi kuuliza.

"Nani aliwaambia?"

Koko alinitupia jicho mara moja tu, lakini lilitosha, Baba akanitazama. Nilisikia masikio yangu yakiwaka moto.

"Sikutaka Mama ajue," akasema taratibu. "Bado. Sijakuwa tayari."

Mama Furaha alijipiga kifuani. Mimi nikaanza kulia palepale, kilio cha sauti, kwa sababu sasa kila kitu kilikuwa kimesemwa na mtu mzima. Baba akanyoosha mkono kunishika, na simu yake ikalia. Alikuwa Greg, akiuliza kama yuko hai. Baba akasimama, mto ukaanguka, Koko akageukia ukuta.

"Naenda, nitarudi, tutaongea," Baba alisema. "Leo nitaongea yote."

"Enda," Koko aliuambia ukuta. "Sisi tutakusindikiza."

Hapo alimfunga kamba. Kwetu mtu akiondoka nyumbani anasindikizwa, na hajazaliwa mtu anayekataa kusindikizwa.

"Mama, kule ni milima."

"Milima mimi nilipanda wewe ukiwa tumboni. Neema, leta viatu vyangu."

Lazima niseme kwamba Koko hakuwa mtu wa kutoka. Tangu tufike Sydney alijua njia mbili, ya kanisani na ya kliniki, na dirisha lake lilitazama maegesho ya magari ya fleti zetu. Kumwona anashuka ngazi kwa hiari yake, amejifunga kitenge cha msibani, kulinitisha kuliko kitu chochote cha asubuhi ile.

Basi hivyo ndivyo tulivyowafuata waendesha baiskeli wa Ingleburn. Wao walikuwa mbele, mstari wa migongo ya rangi za pipi, na Baba wa mwisho. Sisi nyuma yao kwenye gari la Papa Byamungu, taa zote zinawaka kama maharusi. Kwanza zilipita nyumba, kisha nyumba zikaanza kuachana, kisha zikaisha, barabara ikawa nyembamba ikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, katikati ya miti na nyua za mbao. Tayla aliwahi kuniambia kule ni kama Uingereza ya kwenye vitabu, na kweli kulikuwa na kanisa dogo la mawe lenye mnara wa ncha kali, na kimya kingi, na farasi waliovalishwa makoti.

Koko alibandika uso kwenye kioo. "Hapa hata farasi wamevaa koti," alisema. "Na mwanangu yuko uchi."

Shida ilikuwa salamu. Papa Byamungu hakuweza kumpita mtu njiani bila kumsalimu, na kumuuliza mtu habari za nyumbani kisha kuondoka kabla hajajibu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo katika mlima wa kwanza alisogea mpaka ubavuni mwa mwendeshaji mmoja mmoja, akashusha kioo. "Good morning, my friend! How is the family?" Mtu yule, uso umemwiva, pumzi zinakatika, alimtazama kama anayemwona malaika wa mauti. Papa Byamungu alingoja jibu. Walikwenda sambamba, mwendo wa konokono, mpaka jibu likapatikana: "Good... mate." Akashukuru, akasogea kwa anayefuata. Nyuma yetu magari yalikuwa yamejipanga kama foleni ya daraja.

Mama Furaha naye alikuwa na msimamo kuhusu watu wanaopanda mlima bila kula. Alitoa mkono dirishani na mandazi. Wa kwanza alikataa, wa pili alikataa. Greg, aliyekuwa anapigana na magoti yake, alichukua moja, akaling'ata, akapiga kelele ya furaha, na kutoka hapo ikawa vurugu, mikono inanyooshwa kutoka kila upande. Baba peke yake ndiye aliyejifanya hatujui. Alitazama mbele kama mtu aliye mahakamani. "Papa Neema! Sukuma!" Mama Furaha alimpigia kelele, na Greg akauliza, nilimsikia kwa masikio yangu, kama huyu ni familia yake. Baba akanyoosha mkono wa kushoto kuonyesha kwamba anakata kona.

Mimi sikula mandazi. Nilikuwa kazini. Nilikagua kila geti, kila sanduku la barua, kila bustani yenye maua, nikimtafuta Michelle. Kwenye nyumba moja ya matofali alisimama mwanamke mwenye nywele nyeupe na mbwa, akawapungia waendesha baiskeli. "Huyo!" nikapiga yowe. Wote tukageuka. Baba naye alimpungia.

"Huyo ni muzee," Koko alisema baada ya kumpima vizuri.

"Na mwembamba," Mama Furaha akaongeza. "Atamlisha nini?"

Tukampita. Nilianza kupata matumaini kidogo, yale matumaini mabaya yanayomfanya mtu aumie zaidi baadaye. Maana karibu na Cobbitty kulikuwa na njia panda. Greg na wenzake wakakata kulia kwenda kunywa kahawa, wakatupungia, mmoja akiwa na mandazi mdomoni. Baba akakata kushoto. Peke yake.

Papa Byamungu alizima zile taa, kana kwamba sasa ndiyo tumeanza kumvizia, akamfuata kwa mbali. Barabara ilipanda mlima mrefu usio na nyumba hata moja. Baba alisimama kwenye pedali, akayumba kushoto na kulia, akapanda. Nilimwona mdogo sana kule mbele. Nilitaka afike na nilitaka asifike.

Huko juu alishuka mbele ya geti la mbao. Akaiegemeza baiskeli, akavua kofia, akaweka mikono yote miwili juu ya geti, akatulia.

"Anangoja," Papa Byamungu akanong'ona.

Tukangoja pamoja naye Michelle atokee. Hakutokea mtu. Koko akachoka, akafungua mlango kabla gari halijasimama sawasawa, akashuka akaelekea getini na kitenge chake. Mimi nikaruka nikamfuata. Nilikuwa nimejiandaa kumuuma mtu, nakumbuka nilikuwa nimechagua mkono.

Ng'ambo ya geti hapakuwa na nyumba. Palikuwa na milima tu. Milima ya majani, mmoja nyuma ya mwingine, laini, ya kijani mpaka inauma, ukungu umebaki kwenye mabonde, na ng'ombe weusi wametawanyika wanakula bila haraka. Mimi nilitazama huku na huku nikitafuta bomba la moshi. Koko hakutafuta kitu. Alisimama tu, mdomo wazi kidogo, kisha akashika geti karibu na mikono ya mwanawe.

"Masisi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

Uso wa Baba ulikuwa umelowa. Nilidhani ni jasho la mlima, mpaka nikaona lilivyoendelea kushuka naye hapumui kwa nguvu tena.

"Nilitaka nizoee kwanza mimi," alimwambia. "Nizoee mpaka nisilie. Halafu nikulete."

"Na umezoea?"

"Bado."

Koko aliitikia kwa kichwa, akatazama tena kwa muda mrefu. Papa Byamungu na Mama Furaha walikuwa wamesimama kando ya gari, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mzee yule hakuwa na methali. Ndipo Koko alipopata nguvu ya kukasirika, na tukapumua sote.

"Yaani majani iko hapa," alisema, "na munaniweka kwa saruji miaka hii yote, ninatazama magari ya watu?"

"Mama..."

"Na hizi ng'ombe. Nani alizikata pembe?"

"Ndivyo zinazaliwa, Mama."

"Hapana! Ng'ombe haizaliwi hivi." Akaziita, ule mwito wa kwao unaoanzia kooni na kuishia puani, sikuwahi kumsikia akiutoa. Ng'ombe wa Cobbitty waliinua vichwa wote pamoja, wakamtazama, wakarudi kula. "Hazina adabu," Koko akasema, lakini alikuwa anatabasamu, na machozi yanashuka yakiingia kwenye tabasamu.

Mimi nilikuwa bado sijajibiwa. Watu wazima wana tabia ya kulia mambo yao na kusahau uliyokuja nayo. Nikamvuta Baba ile fulana kwenye mfuko wa ndizi.

"So, hauendi?"

"Niende wapi?"

"Kwa watu wengine. Kuhama." Na kwa vile hakuelewa, nikamweleza kwa kilio changu cha pili cha siku ile: "Baiskeli yako haina keria!"

Alinitazama, akamtazama Koko, akawatazama Papa Byamungu na Mama Furaha kule garini, na nikaona jinsi asubuhi nzima ilivyompitia usoni, methali moja baada ya nyingine, mpaka akafika mwisho wake. Akachuchumaa, viatu vyake vya ajabu vikilia kwenye kokoto. Nilingoja acheke, na nadhani alitaka sana kucheka. Hakucheka. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Nilipewa, Neema," alisema. "Ile ndiyo nilipewa."

Alinuka dawa na ndizi na jasho, nikaweka kichwa changu pale kwenye ile nguo ya kuteleza, na tukakaa hivyo mpaka Mama Furaha akaanza kukohoa kwa sababu ya upepo.

Koko aliliachia geti. Akajifunga kitenge upya, akaufuta uso wake kwa ncha yake, akatazama ile milima mara ya mwisho, kama mtu anayemuaga mgeni mzuri.

"Basi, twende nyumbani," akasema.

Baba aliinua kichwa. Maana Koko, kila alipotamka nyumbani, alimaanisha nyumba moja tu, ile ya Masisi iliyobaki majivu nyuma yetu. Pale tulipokaa alipaita kwa kina Neema. Nilihisi mkono wa Baba ukikaza begani mwangu.

"Nyumbani wapi, Mama?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Koko alikuwa ameshageuka kuelekea garini, na alijibu bila kusimama, kwa hasira ya mtu anayeulizwa upuuzi katika baridi.

"Kwani wewe uko na nyumba ngapi?"

"Moja," Baba akasema. Kisha akanigeukia mimi, akanifuta makamasi kwa kiganja cha glavu yake isiyo na vidole. "Moja tu."